Krezili ya Mwamini

Kijana akija kwangu na mnyama ndani ya ndoo, simuulizi habari za kwao. Namuuliza anaoshea nini. Na kabla sijafunga kinywa, yeye ananitangulia na swali lake: "Mama Tabu, dawa gani iko kali?"

Kali! Kali ya nini, wanangu? Mnaosha nyumba ya kinyonga au mnafukuza mashetani?

Mimi nimestaafu. Nilifanya kazi katika nyumba ya nyoka ya kituo kimoja cha afya hapa Kasongo, tangu kiuno kikiwa chembamba mpaka magoti yalipoanza kunisemesha. Kituo kilifuga nyoka, kenge na kobe ili wauguzi, wakulima na wachimbaji wa dhahabu waje wawaone kwa macho, wajue yupi anauma na yupi anasingiziwa. Kufundisha ilikuwa kazi ya wengine. Yangu ilikuwa kuosha. Nimeosha mavi ya chatu mengi kuliko mlivyoosha ninyi sahani za mama zenu, wala sioni aibu kusema. Watoto wa mtaa waliniita Mama Nyoka. Wakubwa waliniita hivyo hivyo, ila kwa sauti ya chini.

Siku hizi naona mmeanza kufuga wenyewe. Huyu ana kobe, yule ana kinyonga kwenye sanduku la sabuni, na pale Nyangwe kuna mvuvi mmoja kijana amefuga mamba mdogo ndani ya pipa lililokatwa, anasema ni rafiki yake. Sawa. Urafiki ni wenu, mimi simo. Mimi nataka kusema habari ya pipa.

Nitawaeleza kwa njia ya mwanamke mmoja, Mwamini, kwa sababu kwake ndipo niliposema yote niliyokuwa nayajua, na bado sikuwa na hakika kama yanatosha.

Nilikuwa nimekwenda Kabambare kwa matanga ya dada yangu. Nilipanda pikipiki, na mpaka leo kiuno changu hakijaisamehe ile barabara. Siku ya pili ya kukaa kwenye mkeka, akaja mwanamke wa nyumba ya jirani, bado kijana, amevaa kitenge cheusi cha mjane. Akanipa pole, akakaa kando yangu kama inavyotakiwa. Halafu akaninong'oneza.

"Mama, unisamehe. Najua si wakati yake. Wanasema weye ni Mama Nyoka wa Kasongo."

"Ndiyo mimi."

"Nyama yangu iko nakufa."

Hapa inabidi niwaeleze wale mliosoma Kiswahili cha vitabu. Kwetu neno ni moja tu. Anayetembea ni nyama, na aliyemo ndani ya chungu ni nyama. Mtu akisema "nyama yangu", msikilizaji inampasa atazame kwanza kama ameshika kamba au kijiko. Mwamini hakushika kitu. Alikuwa anakunjakunja ncha ya kitenge chake.

Alikuwa ametoka upande wa Fizi, akamfuata mume wake Emili kwenye dhahabu. Emili alichimba kule upande wa Lusangi. Siku moja wakifyeka kichaka ili waanze shimo jipya, akamkuta kobe, akamleta nyumbani ndani ya shati. Wakamwita Plantoni, kwa sababu alipenda kukaa mlangoni bila kufanya kazi yoyote, kama yule plantoni wa ofisini anayekuambia mkubwa hayupo. Baadaye shimo likamwangukia Emili. Baada ya mazishi ukoo wa mume ukaja, kama mnavyojua desturi: kitanda kikaenda, redio ikaenda, hata kikaango kikaenda. Kobe hakuna aliyemtaka. Kwa hiyo vitu vya Emili vilivyobaki mikononi mwa mke wake ni hicho kimoja tu, na sasa kilikuwa kinakufa.

"Na shemeji yangu Paskali," akasema, "anasema tumuchinje mbele ya kujifia. Kwetu hatuli kobe, Mama. Kwao wanakula."

Niliondoka kwenye mkeka. Marehemu dada yangu alikuwa ananijua, angecheka.

Sikuhitaji kuonyeshwa mlango. Pua ilinipeleka. Krezili, wanangu! Tangu njiani. Mnaijua krezili: yale mafuta meusi mazito, wanauza kwenye vichupa sokoni, ukiyatia kwenye maji yanageuka meupe kama maziwa, watu wanamwaga kwenye choo. Nyumba ya Mwamini ilinuka krezili kama mtu ameifua kwa hiyo.

Uani alikaa Paskali, mdogo wa marehemu Emili, mtu mwembamba mwenye adabu zake. Aliinuka akanisalimia vizuri. Pembeni yake sufuria ilikuwa motoni na maji yameanza kuimba, na kisu kilikuwa juu ya jiwe. Msimchukie. Ndiye aliyemchotea Mwamini maji na kumpasulia kuni tangu msiba, wakati wale waliobeba kitanda hawakuonekana tena. Alikuwa na njaa tu, na alikuwa ameamua kwamba mnyama anayekufa bure ni dhambi.

"Mama," akasema, "hii nyama ikikufa yenyewe itakuwa mizoga. Hakuna mutu atakula mizoga. Leo iko nyama."

"Ngoja kwanza nimwone."

Kobe alikuwa ndani ya kreti la mbao. Kichwa nje, shingo ndefu, mdomo wazi. Macho yamevimba yakafunga. Puani kulikuwa na povu dogo linalotoka na kurudi. Nikamgeuza: ngozi ya mapaja na ya chini ya shingo ilikuwa nyekundu kama ya mtu aliyemwagikiwa chai. Nikainusa ile mbao. Macho yangu yakatoa machozi, na si ya matanga.

"Unamwosha lini?"

"Kila asubuhi, Mama," akasema Mwamini, na nilisikia majivuno kidogo katika sauti yake. "Namwaga kwa nyumba yake, nasugua. Akianza kugonjwa nikaongeza. Na yeye mwenyewe nikamupakaa kidogo kwa mugongo, ili mikrobe itoke."

Nilimkumbuka Mzee Sumaili.

Mzee Sumaili ndiye aliyenifundisha kazi. Mtu wa kukunja kitambaa mara nne kabla ya kukitumia, ili upande mmoja ukichafuka ageuze mwingine. Kama ulimwona anatembea haraka, ujue kuna nyoka nje. Sasa, siku moja ilitangazwa kwamba wageni wakubwa wanakuja kutazama kituo. Na ninyi mnajua wageni wetu wanapimaje usafi. Hawatazami pembeni, hawapitishi kidole. Wananusa. Ukinuka dawa, umesafisha. Usiponuka, hata ukisugua mpaka saruji ilie, wewe mvivu. Mzee akaona asiaibishe nyumba yake. Akanunua krezili kwa mkono wake mwenyewe, akaosha vizimba vyote, kimoja kimoja, kwa upendo. Pakanuka kama hospitali ya serikali.

Jioni akarudi kwake. Akamkuta mkewe anamwaga kitu kuzunguka nyumba, mlangoni, chini ya dirisha.

"Unafanya nini?"

"Namwaga krezili."

"Ya nini?"

"Ya kufukuza nyoka. Si weye uliniambia?"

Mzee alisimama pale, alivyonisimulia, mpaka mkewe akamuuliza kama amepatwa na degedege. Halafu akageuka akarudi kazini mbio, kandambili moja akaiacha njiani. Watu walifunga milango wakidhani nyoka wote wametoka. Hakuna aliyetoka. Ndiyo ilikuwa taabu yenyewe: nyoka wa nje akisikia krezili anakwenda zake, na nyoka wa kizimbani anakwenda wapi? Tulikuta wengine wameinua vichwa, midomo wazi, wanatafuta hewa juu ya vioo. Tuliwatoa wote. Wapo waliopona na wapo waliokufa. Mzee hakutafuta wa kumlaumu. Alisema, "Tabu, Maniema nzima inajua krezili inachukiwa na nyoka. Na miye ndiye bwana wa nyoka."

Sasa sikieni sababu, maana mkishika sababu mtajichagulia dawa wenyewe hata nikiwa nimekufa. Kuku anasimama kwa miguu. Nyoka anasimama kwa tumbo, na kobe naye tumbo haliko mbali. Chochote kilichobaki sakafuni anakilalia mchana na usiku, anakinywa kikiingia kwenye maji, anakivuta puani, na kizimba hakina dirisha la kukimbilia. Dawa yoyote ikitiwa kwenye maji ikageuka nyeupe kama maziwa, iwe krezili, iwe ile ya hospitali yenye harufu ya kidonda, iwe ya kupigia sakafu yenye harufu ya msonobari, isikaribie kizimba. Kupima ni rahisi: tone moja, glasi ya maji, tazama. Hamna haja ya kusoma Kifaransa cha kwenye chupa.

Basi, nikamwambia Paskali, "Lete ile sufuria."

"Unakubali tumupike?"

"Lete tu."

Yale maji aliyoyachemshia kobe nikayamwaga ndani ya beseni la plastiki lililopasuka ukingo, pamoja na sabuni, nikasugua, nikamwaga, nikasuuza, nikaliegemeza juani. Paskali alitazama maji yake yakienda mtaroni kwa uso wa mtu aliyeibiwa mchana. Nikamtoa kobe, nikamwogesha kwa maji vuguvugu matupu, tena na tena, chini ya mapaja, shingoni, mgongoni, mpaka harufu ikapungua. Halafu nikamkalisha kwenye maji mengine safi ya vuguvugu, yasiyofika kidevuni, anywe akipenda. Beseni lilipokauka nikaweka majani makavu ya mgomba, nikamhamishia humo.

"Na nyumba yake?" Mwamini akauliza, ameshika lile kreti.

"Hiyo haina dawa. Mbao inakunywa. Ulichomwaga kiko ndani yake, kila jua likiwaka kinatoka kidogo kidogo."

Paskali akachangamka. "Bon, itakuwa kuni."

"Utapika ugali wako kwa moshi wa krezili? Kaichome mbali, na usikae upande wa moshi."

Akaenda. Aliporudi akasema neno ambalo nilifanya kazi miaka mingi bila kulisikia likisemwa vizuri namna ile: "Mama, kumbe unatibu nyumba, na mugonjwa ni mwengine." Ndivyo ilivyo. Sindano ya kobe sikuwa nayo, na hata ningekuwa nayo nisingejua pa kuichoma. Kazi ya mwoshaji ni kuondoa kinachoua, halafu kungoja kama mwili utakubali.

Mwamini alitaka hata hivyo dawa. Hakuamini kwamba maji na sabuni ni dawa. Nikamwambia nusu ya kazi ni sabuni na burashi, na nusu nyingine, mnyama akiwa mgonjwa au kizimba kikiwa kipya, ni javeli, ile dawa ya maji ya kung'arishia nguo nyeupe. Paskali akatumwa dukani, akarudi na javeli kwenye chupa ya maji ya kunywa. Nikanusa. Ilikuwa imekaa juani dirishani mpaka imekuwa maji yenye kumbukumbu. Nikamrudisha akatafute chupa iliyofungwa, kutoka chini ya meza. Alikwenda akinung'unika kwamba mimi na pua yangu tutammaliza miguu.

Javeli nayo ina tabia zake. Mzee Sumaili aliwahi kuimwaga juu ya mavi ya chatu ambayo hayajaondolewa, pamoja na ule mkojo wao mweupe kama chokaa. Ikapanda hewa, tukatoka nje tukikohoa tumeshikana mabega kama walevi. Tangu hapo ikawa sheria: kwanza mavi, halafu sabuni, halafu maji, ndipo javeli. Juu ya uchafu javeli inakufa, na inakufa ikikutafuta wewe. Msiichanganye na ndimu, wala siki, wala dawa nyingine yoyote mliyo nayo nyumbani kwa kudhani mbili zitakuwa na nguvu kuliko moja. Kopo moja la javeli ya dukani, makopo kumi ya maji, mnyama akiwa mahali pengine kabisa. Iache ikae muda wa kunywa chai ya moto bila kujiunguza. Suuza mpaka pua ikose la kusema. Kausha juani, kauka kweli, ndipo umrudishe. Wale wenye ndugu hospitalini wakipata ile ya rangi ya waridi wanayooshea wagonjwa kabla ya kupasuliwa, klorexidini, hiyo ni pole zaidi, lakini nayo huchanganywa na maji, na nayo husuuzwa. Siku za kawaida, sabuni inatosha. Ninyi mnapenda dawa kuliko ufagio, ndiyo ugonjwa wenu.

Na jambo lingine, nalisema kwa hasira. Nilikuta Mwamini anaosha vyombo vya kobe kwenye beseni la sahani. Kobe, hata akiwa mzima kabisa, ana vitu tumboni vinavyoweza kumharisha mtoto mpaka macho yazame. Beseni lake liwe lake, burashi yake iwe yake, maji yake yamwagwe mbali na jiko, na mikono ioshwe kwa sabuni. Msiniambie mnampenda. Mpendeni kwa beseni lake.

Siku zilizofuata nilikuwa nikitoka kwenye mkeka wa matanga, navuka ua, natazama, narudi. Kobe hakula. Povu lilikauka, jicho moja likafunguka kama mlango wa mtu asiyependa wageni, lakini hakula. Paskali alikuwa anakuja kila mchana anachuchumaa kando ya beseni.

"Iko namna gani?"

"Hivyo hivyo."

"Mama, nisikie. Akikufa usiku tutazika nyama, na watu iko na njaa."

"Paskali, mwache," alisema Mwamini. Hakupandisha sauti. "Walichukua kitanda. Walichukua redio. Nilisema kitu? Huyu, mwache."

Paskali akainuka, akaenda zake. Na niwaambie ukweli, moyoni nilijua kwamba huenda Paskali yuko sahihi. Nimeona wanyama wengi waliofungua jicho moja halafu wakafa. Nilimwonea huruma yule mwanamke, na huruma kwangu haiji kila siku.

Aliuliza mara moja tu. Tulikuwa peke yetu, anasuuza beseni mimi nikimshikia mnyama. "Mama, ni miye nilikuwa namuua?"

Nikasema, "Ulikuwa unamwosha." Alisuuza tena, na tena, mpaka nikamwambia basi, imetosha.

Siku moja kabla ya matanga kwisha, mvua ikanyesha usiku kucha, na asubuhi Paskali akaja kutoka porini na uyoga ndani ya jani. Nikadhani ameleta mboga. Alimega kipande, akakiweka mbele ya pua ya kobe, akarudi nyuma, akakunja mikono kama mtu anayesubiri usafiri. Tukasubiri wote watatu. Kobe alinusa. Alikaa. Halafu akafungua mdomo, polepole mpaka unataka kumpiga kofi, akauma.

"Ee!" Paskali akaruka. "Anakula! Mwamini, shemeji, anakula, tazama mudomo!" Akaanza kumega vipande vingine mbio mbio, anavipanga kama anaandaa meza ya askofu. Kisu chake hakikuonekana tena pale uani.

Mwamini hakuruka. Alipiga magoti, akainama ndani ya beseni mpaka uso ukagusa gamba. Akabaki hivyo. Alikaa muda mrefu mpaka nikadhani ameona kidonda. Majani yalikuwa ya tangu jana, kobe alikuwa ameyalowesha na kuyakanyagakanyaga, na mimi nilikuwa tayari na ndoo ya maji na sabuni ili tuoshe.

"Nini?" nikauliza.

"Iko nanuka, Mama."

"Mavi. Inuka tuoshe."

"Hapana." Hakuinua kichwa. "Iko nanuka udongo. Udongo ya shimo, ile ya ndani. Emili akitoka kazini alinuka hivi hivi."

Paskali aliacha kumega uyoga. Akageukia ukutani.

Nyumba ya kobe huoshwa, wanangu, hilo halina mjadala, na sijawahi kumruhusu mtu aahirishe. Siku ile nilibeba ndoo yangu, nikamwaga yale maji ya sabuni nyuma ya choo, nikarudi matangani.